Siku Saba za Ziada

Mwishoni mwa Machi, alizeti zikiwa zimechanua kutoka ukingo wa barabara hadi miguuni pa miamba, nilikaa asubuhi moja kwenye kibaraza cha mama mkubwa, upande wa Ilongero, nikimtazama kuku. Alikuwa tetea mweusi mwenye kishungi, amefunikwa kwa tenga, na kila alipoinua ubawa vilichungulia vichwa vidogo visivyofanana naye hata kidogo: vya kahawia, vyenye mistari kama punje ya alizeti, midomo yao myekundu. Walikuwa vifaranga wa kanga. Jua lilishapanda na bado mama mkubwa hakuliinua tenga. Aliinama, akapitisha kiganja juu ya nyasi, akakitazama, akakipangusa kwenye nguo aliyojifunga kiunoni, akarudi kuketi. "Umande," aliniambia. "Kifaranga wa kanga akilowa tumbo, saa sita haimkuti."

Singida tunajivunia kuku, na kila mfugaji wa kwetu anajua kwamba kanga hutaga vizuri ila kulea kunamshinda. Akitotoa mwenyewe huwaongoza wanawe alfajiri kwenye nyasi mbichi, mbele kwa mbele bila kugeuka, nao hudondoka mmoja mmoja nyuma yake. Ndiyo maana watu huyatafuta mayai yake vichakani, huyatoa kwa kijiko ili kiota kisishike harufu ya mkono wa mtu, na kuyaingiza usiku chini ya tumbo la kuku anayeatamia. Kuku hakatai. Ila hesabu ndiyo inayonishangaza. Yai la kuku hutotolewa siku ya 21. La kanga hutaka siku 26 hadi 28. Kuku aliyepewa mayai ya mwenzake hufika siku yake, mwili wake ukimwambia kazi imekwisha, naye chini yake hasikii hata mdonoo mmoja kutoka ndani ya ganda. Inabaki karibu wiki nzima. Nilimuuliza mama mkubwa kama kuku hatambui. Alifikiri kidogo. "Anatambua. Siku ya ishirini na mbili huyu alisimama, akayageuza mayai yote, akanitazama. Halafu akakaa."

Nimekaa na jibu hilo miezi sasa. Mama mkubwa hakuzaa. Kwa miaka mingi alikuwa mwanamke ambaye wenzake walinyamaza alipofika kisimani, na kunyamaza kule kulikuwa na maneno kuliko kusema. Kiswahili chetu, chenye upole mwingi mahali pengine, hapa kimekuwa kikali: tasa, mgumba, maneno mafupi yanayomfunga mtu kama komeo. Siku zake 21 zilipita, zikapita tena, na mwaka 2011 yeye na baba mkubwa wakapata mtoto wa miezi minne aliyeachwa kwenye kituo cha afya, amevingirishwa kanga. Walianza na afisa ustawi wa jamii, wakakaa na mtoto kwa malezi ya kambo, wakahojiwa na kutembelewa, kisha zikaja safari za mahakamani Dodoma, zaidi ya kilomita 200 kwenda na nyingine kama hizo kurudi, mtoto akiwa mgongoni. Watu husema kuzaa si kazi, kazi kulea. Wanaosahaulika ni wale ambao kazi yao ilianza kabla ya kulea: kusubiri mtoto bila tumbo, bila kichefuchefu, bila kuguswa bega na mtu kuambiwa "pole na hali". Mimba yao inabebwa ndani ya faili.

Niliwahi kukaa na kuyapanga maneno tuliyonayo kwa jambo hili, na yote yalinikera isipokuwa moja. Mtoto wa kuokota, kana kwamba alikuwa sarafu njiani. Mtoto wa kufikia, kana kwamba ni mgeni na mizigo yake haijateremshwa. Mtoto wa kupanga, na kupanga ndiko tunakofanya kwa chumba, mwezi ukiisha unadaiwa. Hata serikali, ilipotafuta jina la familia inayompokea mtoto kwa muda, ilichukua kambo, neno ambalo hadithi za bibi zetu zimelitwika kila ukatili wa jikoni. Lililobaki ni kuasili. Limetoka kwenye asili, yaani shina, chimbuko. Nalipenda, na bado lina swali ndani yake ambalo sijalimaliza: kumwasili mtoto ni kumpa asili mpya, au ni kuikubali ile aliyokuja nayo? Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inajibu upande mmoja. Amri ya mahakama ikishatoka, mtoto anahesabika amezaliwa ndani ya nyumba ile, na waliomzaa hawana tena haki juu yake. Karatasi inaweza kufanya hivyo kwa siku moja. Mwili wa mtu hauna kasi hiyo.

Wala kuasili hakukuwa desturi yetu. Kwa Wanyaturu mtoto alifuata ng'ombe: ukoo uliotoa mahari ndio uliomhesabu. Ng'ambo kidogo tu, kwa Wanyiramba, wazee wa zamani walihesabu kwa upande wa mama, mjomba akawa na neno kubwa kwa mpwawe kuliko hata baba. Majirani hawa wawili wanaooana na kuuziana mbuzi wametofautiana juu ya mtoto ni wa nani, ila wamekubaliana kwamba lazima awe wa mtu. Yatima hakuwa wa kuasiliwa. Alikuwa wa kwetu tayari, anahama tu kutoka tembe moja kwenda nyingine, na jina lake linamfuata. Mimi mwenyewe nililelewa miaka mitatu kwa bibi na hakuna aliyeandika barua. Kulea kwetu kulikuwa kuazimana: mtoto huenda, hurudi, huenda tena, na hakuna mlango unaofungwa nyuma yake. Mwaka 2006, Madonna alipomchukua mtoto kutoka Malawi, baba mzazi alinukuliwa akisema hakuelewa kwamba mwanawe anaondoka moja kwa moja. Wengi waliosoma habari ile mbali walidhani ni ujinga wa mtu asiyesoma. Mimi nilimwelewa papo hapo. Alikuwa anamkabidhi mtoto alelewe, kama babu yangu alivyomkabidhi mama kwa shangazi yake, na upande wa pili wa meza walikuwa wanapokea kitu kingine kabisa.

Waislamu wa kwetu, nao si wachache Singida, huja na kisa cha Zaidi bin Haritha. Kwa masimulizi, alitekwa akiwa mdogo, akauzwa, akafika nyumbani kwa Mtume Muhammad kabla ya utume. Baba yake alimlilia miaka, akamtafuta, na alipompata Makka akiwa na fedha za kumkomboa, kijana akachagua kubaki. Akaitwa mwana wa Muhammad, hadi ulipokuja wahyi kwamba watoto waitwe kwa baba zao, jina la Haritha likamrudia. Kutoka hapo imetoka kafala: unamlea mtoto, unamlisha, unamsomesha, unampenda, na unamwachia nasaba yake. Zanzibar wameiingiza kwenye Sheria ya Mtoto ya mwaka 2011. Wapo wanaoiona kama upendo wenye masharti. Mimi kila nikikisikia kisa hicho namfikiria Haritha, mzee aliyesafiri jangwani na mfuko wa fedha, akamkuta mwanawe mzima, ana furaha, na hataki kurudi. Alipofika kwake, majirani walipomuuliza, alianzia wapi kusimulia?

Kuhusu aliyemzaa mdogo wangu (nimwite nini kama si mdogo wangu?) tunajua mambo mawili tu. Alikuwa msichana, na aliacha kanga. Hapa ndipo ndimi za watu hunolewa. "Katili." "Mnyama hawezi kufanya hivyo." Kwa hilo wamekosea, maana kanga hufanya hivyo kila msimu na hakuna anayemtukana. Methali inasema kanga hazai ugenini. Nimeisikia ikitumiwa kwa watu wasiopenda kazi za mbali, ila nadhani aliyeitunga alikuwa amemtazama ndege kwa makini: kanga anataka kichaka anachokijua, kimya anachokijua, ndipo ashushe yai. Sasa mtazame binti wa miaka 16 au 17 mwaka 2011. Shule ilikuwa inamfukuza akionekana na tumbo, na ilikuwa bado miaka 10 hadi Novemba 2021, serikali ilipoondoa kizuizi na kuwaruhusu waliojifungua warudi darasani. Nyumbani ni ugeni, maana baba hasemi naye. Shuleni ni ugeni. Kwa aliyempa mimba ni ugeni kuliko kote. Alizaa ugenini kila upande alikogeuka, na miezi minne alijaribu. Miezi minne ni mingi. Mtoto wa miezi minne anacheka, ameshajua sauti ya nani ni ya nani.

Mkunga mmoja mzee aliwahi kunieleza jambo ambalo sijalisahau. Mwanamke akijifungua, mwanzo hutoka dang'a, kidogo na nzito, kisha karibu siku ya tatu maziwa hujaa. Hujaa hata kama mtoto amekufa, hata kama amechukuliwa. Maziwa hayana taarifa. Na anayeacha kunyonyesha ghafla hubaki siku kadhaa na kifua kigumu kama jiwe, chenye homa, nguo ya mbele imelowa mbele za watu. Basi yule binti, popote alipokwenda jioni ile, alikwenda na ushahidi unaovuja. Alipanda basi hivyo. Alimsalimia mtu hivyo. Uchungu wa mwana aujuaye mzazi, tunasema, kisha tunahukumu kana kwamba aliyemwacha mwana hakuwa mzazi hata saa moja.

Methali ya pili ya ndege hawa ni ile ya kuku mgeni hakosi kamba mguuni. Ukinunua kuku mnadani unamfunga siku chache kwenye nguzo ya jikoni hadi azoee, vinginevyo atarudi alikotoka au atapotelea porini. Zamani nilidhani katika nyumba ya mama mkubwa aliyefungwa kamba ni mtoto. Kumbe mtoto alizoea ndani ya wiki moja. Kamba ilikuwa mguuni kwa mama mkubwa, na ncha ya pili ilikuwa imeshikwa na mtu asiyemjua. Hodi ikipigwa usiku, alimtazama mtoto kabla ya kuutazama mlango. Kwenye daladala aliwachunguza wasichana wenye paji pana. Mtoto alipougua na daktari kuuliza kama kuna mwenye pumu katika ukoo, mama mkubwa, mwanamke asiyeshindwa na neno, alikosa la kusema, na njiani kurudi alilia kwa sababu ya swali hilo. Alikuwa anampenda mtoto kwa pumzi mbili: moja ya shukrani kwa aliyemzaa, moja ya hofu juu ya mtu huyohuyo. Hajawahi kuniambia ipi ilikuwa ndefu. Na baba mkubwa, ambaye wanaume wenzake walimuuliza kwenye pombe kama hajui anamlishia nani, alijibu mara moja tu, kwa kunyanyuka na kurudi nyumbani, na tangu siku ile hakukaa tena pale.

Sheria ile ya Mtoto ya 2009 inasema mtoto aliyeasiliwa aambiwe na wazazi walezi, wao tu, na iwe kwa faida yake na awe ametimiza walau miaka 14. Mtu mwingine akimwambia ametenda kosa. Naelewa walioiandika walitaka kumkinga mtoto. Lakini waliandika kwa ajili ya nyumba yenye geti. Kijijini, ambako watu walimwona mama mkubwa akipita mwezi mmoja bila tumbo na mwezi uliofuata ana mtoto anayekaribia kukaa, siri ya miaka 14 ni ya nani? Kila mtu anaijua isipokuwa mwenyewe. Mdogo wangu aliambiwa akiwa na miaka saba, kisimani, na mwenzake waliyekuwa wanagombea ndoo. "Wewe umeokotwa." Alirudi na maji, akatua ndoo, akamuuliza mama yake kama ni kweli, na mama mkubwa akasema uongo. Ndio uongo pekee ninaoujua katika maisha yake, na anaujutia kuliko dhambi nyingine yoyote. Mtoto hakuuliza tena kwa miaka saba. Watu walisema amesahau. Mimi nilimwona siku moja mbele ya kipande cha kioo ukutani, ameibana pua kwa vidole viwili, anaangalia inavyokuwa ikiwa nyembamba kama ya mama mkubwa.

Kwa hiyo naomba nisiwe na haya kusema ninavyoona: mtoto aambiwe mapema, kabla hajajua kwamba ni jambo la kuambiwa. Aambiwe akiwa mgongoni, kama anavyoimbiwa. Tanzania iliridhia Mkataba wa Haki za Mtoto mwaka 1991, na ibara yake ya 7 inampa mtoto haki ya kuwajua wazazi wake kadiri inavyowezekana. Kadiri inavyowezekana, maana mahali pengine haiwezekani, na huko mtoto atapewa kilichopo, hata kama ni upepo. Anayemficha mtoto chimbuko lake kwa kumpenda, anamfundisha bila kujua kwamba chimbuko lile ni aibu. Tuna methali ya tatu, kwamba mwana wa kuku hafunzwi kuchakura. Hutumiwa kuwanyamazisha walezi: damu itajitokeza tu, mtamlea mtakavyo. Nimewatazama wale vifaranga wa kanga. Walichakura, kwa namna yao. Walimsikia tetea akiita, walimkimbilia yeye kila mwewe alipopita, walijificha chini ya mbawa zisizo na madoa. Na mmoja, wa wiki mbili hivi, alikuwa akisimama kila mara na kuinua shingo kuelekea miti.

Mwaka jana mdogo wangu alitimiza miaka 14. Mama mkubwa alimwita chumbani, akafungua sanduku la bati, na chini kabisa, chini ya nguo za msiba na vyeti, akatoa ile kanga. Hakuwahi kuifua. Kwa miaka yote ile aliitunza hivyo akiwaza kwamba siku moja mtoto atataka kunusa. Binti aliipokea kwa mikono miwili, kama tunavyopokea kitu cha mkubwa, akaipeleka usoni. Ilinuka dawa ya nondo. Hakuna kingine. Mama mkubwa akaanza kuomba radhi kwa ajili ya dawa ile, kwamba panya, kwamba nondo, kwamba angejua asingeweka, na machozi yakamzidi. Binti hakulia. Alikuwa anaupapasa ukingo mmoja, upande ulioachanishwa kwa mkono, nyuzi zikining'inia, hauna pindo. Kanga huuzwa doti, vipande viwili vilivyoungana, na anayenunua ndiye huvitenganisha. "Mama," akasema, "kipande cha pili anacho yeye?"

Mama mkubwa hakujua. Hakuna anayejua. Lakini nimekuwa nikimwona mdogo wangu mnadani akitazama viuno vya wanawake, ua jekundu, ukingo mweusi, na nadhani hatafuti mtu wa kurudi kwake. Anatafuta rangi. Pindo alilishona, kwa mkono wake, upande ule ulioachanishwa. Alishona robo tu, akaacha. Mama mkubwa aliona na hakumuuliza sababu. Wanaweza sasa kukaa chumba kimoja na jambo hilo likiwa katikati yao, limefunuliwa, na wakachambua mlenda.

Nilirudi Juni, upepo ukiwa umeanza kazi yake, alizeti zimeshavunwa na mabua yamelala. Vifaranga walikuwa wamekua, madoa meupe yameanza kujaza manyoya. Magharibi tulikuwa wote uani, mimi, mama mkubwa, na binti akipepeta mtama. Kanga walijikusanya chini ya mgunga, wakapiga kelele, wakaruka mmoja baada ya mwingine hadi kwenye tawi la juu. Tetea alibaki chini. Alilizunguka shina, akaita ile sauti yake ya kuwafunika, akaruka mara mbili akafika kimo cha paja langu, akaanguka. Kisha akajikunja kwenye mizizi, kifua kikitazama upepo. Nilinyanyuka nimchukue nimpeleke bandani, maana kwetu vicheche hawana likizo.

"Mwache," mama mkubwa alisema. Binti alikuwa ameshaweka ungo chini. Aliingia jikoni, akatoka na tenga na jiwe la kukandamizia, akaenda kumfunika palepale alipolala, chini ya mti.